Jua lichorwe kabla ya kuta

Kuna mazoea katika studio za usanifu majengo yanayonikera. Mwanafunzi anachora jengo lake, analipamba weee, halafu siku chache kabla ya kuwasilisha anatia mishale ya buluu kuonyesha upepo unavyopita, na pembeni anaandika "jengo endelevu". Upepo haufuati mishale. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakina pa kutolea hewa, hata ukichora mishale mia.

Jengo linalojipoza bila mitambo huamuliwa na mistari ya kwanza kabisa. Karibu na ikweta jua la adhuhuri hupita juu sana, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini hukingwa na upenu wa kawaida. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi jioni jua limeshainama, linapenya chini ya upenu na kumfikia mtu mezani kwake, tena wakati paa limeshashiba joto la mchana kutwa. Ukilaza urefu wa jengo mashariki-magharibi, ili kuta fupi ndizo zikabili jua hilo, umepunguza joto kabla hujachagua hata tofali.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, aliyepewa mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, tuzo kuu ya usanifu majengo duniani, alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipobuni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo yenye matundu. Hewa ya moto hupanda, hupita kwenye matundu na kutoka kwenye mwanya ulio kati ya dari na bati. Mwanya mtupu, usio na gharama ya umeme, ndio unaofanya kazi. Hilo hunisisimua kuliko kioo chochote cha ghorofa.

Lakini tusinakili tu. Kuta nene hufaa penye usiku wa baridi, maana hunyonya joto mchana na kulitoa usiku. Kwenye pwani yenye unyevu, ambako usiku haupishani sana na mchana kwa joto, ukuta huo utakuwa bado unatema joto watu wakiwa wamelala. Huko panahitaji kuta nyepesi, madirisha mapana yanayotazamana na kivuli tele.

Laiti wahadhiri wangekataa kuangalia sura ya jengo mpaka wawekewe mezani mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, wenye pembe ya jua la saa kumi jioni, na wautolee alama.