Sisi Dagaa, Minyoo Kamba

Jamani, nchi hii ina bahari kuanzia Tanga mpaka Mtwara, haina geti wala tiketi. Mtu akiitamani anapanda daladala mpaka Feri, anaiangalia mpaka anachoka, anarudi na samaki wake kwenye mfuko. Shemeji yangu akaona haitoshi, akaitaka sebuleni. Na sebule yenyewe ni yangu, kwa sababu yeye alipata kazi Muscat, akaondoka na begi moja, akaniachia tangi la kioo la maji ya chumvi pale lilipokuwa kochi la watu watatu. "Shem, nitunzie tu. Ni kuwasha taa na kubadilisha maji kidogo."

Kidogo! Chumvi inatoka ng'ambo kwa ndoo. Napima gramu 35 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, mimi ambaye hata mchuzi natia kwa kukisia. Joto la maji likipita nyuzi 27, nawawashia feni. Samaki wana feni, mimi na wanangu tunajipepea kwa kalenda ya mwaka jana. Uniti za luku nikinunua asubuhi, jioni mita inalia, na wa kwanza kulalamika umeme ukikatika ni yule wa Muscat.

Hayo ningeyameza. Ila kabla hajaondoka alipanga humo mawe ya bahari, akasema ni mawe yenye uhai. Uhai tumeuona. Usiku dada wa kazi kaenda kunywa maji, nikasikia yowe la kuamsha mtaa: "Baba! Tandu! Tandu ndani ya maji!"

Hakuwa tandu. Alikuwa mnyoo, mrefu kuliko kidole, rangi kati ya waridi na kahawia, ubavuni ana vishungi vya manyoya meupe kuanzia kichwani mpaka mkiani. Nyuma yake mwingine. Mchana huwaoni, wamejichimbia kwenye matundu ya mawe. Taa ikizimwa wanatoka kutembea kana kwamba kodi wanalipa wao. Ukiwamulika wanarudi ndani. Shemeji akanifundisha kwamba mwanga mwekundu hauwashtui sana, basi nikafunga tochi kwa kipande cha khanga nyekundu. Sasa mama watoto anaamka saa nane za usiku, anamkuta mumewe kapiga magoti gizani, tochi yenye kitambaa chekundu mkononi, anahesabu kwa kunong'ona. Asubuhi mama mkwe akapigiwa simu. Mpaka leo ananisalimia akiwa kwa mbali.

Jirani yangu, yule ambaye hakuna fani asiyoijua, akasema mnyoo ni mnyoo tu, akakunja shati akazamisha mkono. Wee! Yale manyoya yanachoma na kukatikia ndani ya ngozi, halafu yanawasha kama upupu. Tukamkalisha, tukambandika selotepu na kuibandua ili itoke na vimiba, kisha tukampaka siki. Nyumba nzima ikanuka kachumbari. Alipopoa tu akatoa ushauri mwingine: tuwakate vipande. Wapo minyoo wa aina hii ambao ukiwakata kipande kinaota kichwa, kingine kinaota mkia. Ningekuwa nazalisha.

Mama mkwe naye, kwa simu, akaagiza dawa ya minyoo. Nikaenda famasi. Yule binti akaniuliza, "Mgonjwa ana miaka mingapi?" Nikamwambia mgonjwa ni tangi. Akamwita mwenzake aje anione. Na hata ningepewa, dawa za namna hiyo zina hatari ya kuondoka na konokono pia, na minyoo wakifa wote kwa mkupuo ndani ya mawe wanaozea humohumo, maji yanaharibika, samaki wanafuata. Hapo ndipo ningehamia Muscat mimi.

Ikabaki mitego. Unachukua chupa ndogo, unatoboa matundu, unatia kipande cha kamba wa baharini, unailaza chini taa zikizimwa. Sasa nisikilizeni vizuri. Kamba! Mimi kamba namuona kwenye harusi za watu. Nyumbani kwangu tunakula dagaa, tena wa kugawana kwa macho, halafu natoka sokoni na kamba wa minyoo! Mama watoto aliukuta ule mfuko jikoni, akafurahi, akaanza kukuna nazi. Sitawasimulia kilichofuata.

Cha kuudhi zaidi, shemeji anasema minyoo wengi wa aina hii si wabaya. Ni wafagiaji: wanakula mabaki, kinyesi na mizoga, na wakizidi, ujue chakula kinachobaki kimezidi. Lakini mimi nawapa samaki kiasi alichoelekeza, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Nikaanza uchunguzi. Mwanangu wa kwanza anawapa asubuhi ili amuone yule wa chungwa mwenye mikanda myeupe akicheza. Mdogo wake anawapa kwa sababu kaka kawapa. Dada wa kazi anawapa wakimwangalia. Kila mgeni anapewa kopo "ajaribu". Halafu bibi yao, aliyekuja kutusalimia na akakataa kuondoka, nilimfuma anadondosha ubwabwa. "Wamekonda hawa, baba. Mnawatesa." Ubwabwa wa nazi, maharage juu.

Siku samaki mmoja alipokutwa amekufa, minyoo wamemzunguka wanamla, familia ilishatoa hukumu. Nikawaeleza kuwa hawa wanakula aliyekwisha kufa, na kukutwa msibani si kuua. Hakuna aliyenisikiliza. Ndipo shemeji, badala ya kutuliza hali, akatuma habari za huko Newquay, Uingereza, mwaka 2009: kwenye akwariamu ya kutembelewa na watu, matumbawe yalikuwa yanakatwakatwa usiku, wakabomoa miamba jiwe kwa jiwe, wakamtoa mnyoo wa zaidi ya mita moja. Wakambatiza Barry. Mwaka huohuo Japani, Shirahama, akapatikana mwingine wa jamii hiyo kwenye chelezo bandarini, sentimita 299. Ana mataya ya mkasi, na Bahari ya Hindi naye anaishi. Shem, mambo haya unamtumia mtu saa tano usiku, kitanda chake kiko ukuta mmoja na tangi? Watoto sasa wanalala kwetu. Bibi naye anataka kulala kwetu.

Suluhisho lake la mwisho likawa samaki mdogo mwenye mistari sita, mtaalamu wa kuokota viminyoo kwenye mawe. Anapatikana kwenye miamba ya pwani yetu hii hii, lakini dukani bei yake ni ya mtu aliyesoma Ulaya. Nikanunua. Wiki ya kwanza alizunguka kila jiwe, akachungulia kila tundu, nikasema serikali imefika. Minyoo wadogo kweli aliwala. Wale wakubwa alipowaona akajifanya anapita tu. Kisha akaanza kuwafukuza samaki wenzake, akamiliki pango zuri kuliko yote, na tangu agundue ratiba ya bibi, haokoti kitu. Anasubiri ubwabwa.

Jana shemeji amepiga video. Kwanza kawasalimia samaki, kisha mimi. Akasema Desemba anarudi moja kwa moja, kodi ya nyumba yake ameshalipa. Nilishukuru kwa sauti, mama watoto akapiga vigelegele jikoni.

"Na nakuja na tangi jipya, shem, kubwa mara mbili ya hilo. Kwa hiyo hilo dogo, na vyote vilivyomo, nimekupa zawadi."