Vidonge vya macho si vya kila mtu

Ndugu mwandishi, shukrani kwa makala, ila pale uliposema vidonge vya vitamini huzuia upofu umewapa watu matumaini yasiyo yao. Mimi naishi na kuzorota kwa makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Nikimtazama mtu, masikio na kilemba nayaona, uso wenyewe ni ukungu, na fremu ya mlango hupinda.

Utafiti wa AREDS wa Marekani, uliohusu magonjwa ya macho ya uzeeni na kutoa matokeo 2001, ulionyesha kuwa vitamini C na E, beta-karotini na zinki hupunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya ugonjwa huu kufikia hatua mbaya, kwa wale walio hatua ya kati. Ugonjwa ukiwa mchanga vidonge havijaonyesha faida hiyo, na uono uliopotea haurudi. Wavuta sigara, hata mlioacha, tafadhali someni lebo: beta-karotini huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji, ndiyo maana utafiti wa pili, AREDS2 wa 2013, ukapendekeza luteini na zeaksanthini, rangi asilia za mimea, badala yake.

Zinki miligramu 80, kipimo cha AREDS, huwezi kuila kwenye sahani, hapo kidonge kina nafasi yake kwa anayestahili. Lakini luteini imejaa kwenye mchicha na sukuma wiki. Mimi wangu naupika kwa tui, kwa sababu bila mafuta mwili haufyonzi vizuri. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuongeza mboga.

Naomba sentensi ile irekebishwe. Wazee wetu wananunua makopo hayo kwa pesa ya chakula, na wengi hawajapimwa macho.