Pimeni, kisha mtupatie karatasi

Wiki iliyopita nusu ya ghorofa yetu ilihama meza. Chanzo ni kile kisahani cheupe kilichofungwa darini karibu na lifti, antena ya mtandao wa simu. Dada wa mapokezi anasema tangu kifungwe kichwa hakimwachi. Alinieleza hayo huku simu ameibana kati ya sikio na bega, akiwa hewani na fundi cherehani wake.

Sikumcheka. Haya, nilicheka kidogo.

Juzi akaja mpimaji wa mawimbi na kifaa chake, kirungu chenye kichwa cha mviringo kama chungwa. Akasimama chini ya antena, akakishika usawa wa kichwa, kisha kifua, kisha kiuno. Namba haikufika volti 2 kwa mita. Kiwango cha juu cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa mawimbi ya megahezi 1800 ni volti 58. Halafu akamwambia dada apige simu pembeni ya kirungu. Namba ikaruka. Dada kimya.

Ndiyo hivyo. Mawimbi hufifia haraka kadiri unavyosogea mbali na antena, ila simu iko shavuni. Na mtandao ukiwa dhaifu humu ndani ya zege na vioo, simu ndiyo inayopiga mayowe ili mnara uisikie. Kumpimia mtu antena ukaiacha simu yake ni hesabu nusu.

Najua, mwaka 2011 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, kwamba huenda yanasababisha saratani. Sawa, sibishani.

Kilichonichefua ni kingine. Nilipoomba nakala, mpimaji akasema ripoti ni ya mwenye jengo. Mwenye jengo! Ambaye hapa tunamwona siku ya kodi tu! Ufaransa mtu akitaka kupimiwa nyumbani kwake anaomba, anapimiwa bure, na ANFR, wakala wa masafa wa huko, wanayaweka matokeo kwenye ramani ambayo yeyote anaifungua. Sisi vichwa ni vyetu, majibu ya mwingine. Tena alikuja saa kumi na moja jioni, ofisi imebaki na watu watano, wakati antena hutoa nguvu zaidi watu wakiwa wengi mtandaoni. Karatasi ingetaja saa, ningeuliza hilo. Sasa nimuulize nani, lifti?

Dada yuko meza ya karibu na choo, mtandao alama moja. Analalamika simu yake siku hizi inachemka na chaji haifiki mchana.