Kiraka cha usafi nacho kidaiwe ushahidi

Kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, hakuna kiraka (patch, pendekezo la kubadilisha msimbo) kinachopita kirahisi kama kile kinachosema "hakuna kilichobadilika, nimesafisha tu". Mkaguzi anaona nafasi zimegeuzwa tabo na mabano yamehamishwa, anaweka jina lake, basi. Kwangu huo ni uzembe. Anayesema msimbo unafanya kazi vilevile ametoa dai linalopimika, na lipimwe.

Chukua draiva yoyote iliyo chini ya `drivers/staging`, folda ya draiva ambazo bado hazijakomaa. Zima taarifa za utatuzi (debug info) kwenye usanidi, kompaili faili husika peke yake kwa `make` ukitaja jina lake la `.o` (faili anayotoa kompaila), kisha nakili `.o` hiyo pembeni. Weka kiraka, kompaili tena, halafu linganisha matokeo ya `objdump -d`, inayoonyesha maagizo kwa prosesa, ya faili zote mbili kwa `diff`. Usitegemee `cmp`, inayolinganisha baiti kwa baiti: WARN_ON na BUG_ON, makro za kerneli za kuripoti hitilafu, huhifadhi namba ya mstari, kwa hiyo mstari mmoja ukiongezeka juu yake baiti zinatofautiana ilhali maagizo kwa prosesa ni yaleyale. Ukiacha mstari wenye jina la faili, `diff` irudi tupu. Isiporudi tupu, mwandishi aeleze kwa nini, na maelezo hayo yaingie kwenye ujumbe wa kiraka.

Macho nayo yana kazi yake. `git diff -w` inaondoa kelele za nafasi, lakini inaficha pia nafasi iliyopotea ndani ya ujumbe wa `printk` (ile inayoandika kwenye logi ya kerneli), kwa hiyo usomaji wa pili uwe bila `-w`. Kwa mistari iliyokatwa upya, `--word-diff` inasomeka vizuri zaidi.

Balaa kubwa hutoka kwa wanaotii `checkpatch.pl` kama amri. Ile ni skripti ya Perl inayokagua mtindo wa viraka kwa kusoma maandishi tu. Haijui kama kazi (function) inaitwa huku spinlock imeshikwa, yaani kufuli ambalo aliyelishika hapaswi kulala. Ikiona `udelay(50)`, yaani subiri mikrosekunde 50, inaweza kukushauri utumie `usleep_range`. Ya kwanza inazungusha prosesa palepale, ya pili inalala. Ukilala huku umeshika spinlock, unapata "BUG: scheduling while atomic", au mashine inaganda kabisa. Kiraka kama hicho huja na kichwa cha "kurekebisha mtindo", na kompaila hailalamiki hata kidogo.

Mfano mwingine ni `(1 << 31)` kugeuzwa `BIT(31)`, makro ya kuwasha biti hiyohiyo. Ile ya zamani ni namba yenye alama, yaani inaweza kuwa hasi. Ikiingia kwenye `u64` (namba ya biti 64 isiyo na alama), biti 32 za juu zote zinakuwa moja. Ile mpya, kwenye mashine ya biti 64, inaziacha sifuri. Huenda mpya ndiyo sahihi, lakini hapo tunarekebisha hitilafu na kiraka kiseme hivyo.

Kukata mistari ya herufi 85 ili itimie 80 sikuoni tena kuwa na maana, maana tangu 2020 `checkpatch` inalalamika baada ya 100.

Staging ni mahali pa kujifunzia, na mgeni akianzia pale kwa nafasi na mabano ni sawa kabisa. Nje ya pale nina mkono mzito. Draiva iliyotulia miaka kumi ikisafishwa bila kazi nyingine yoyote, `git blame`, inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, inaelekeza kwa msafishaji badala ya aliyeandika mantiki, na marekebisho ya usalama yanayorudishwa kwenye matoleo ya zamani yanaanza kugongana na mistari iliyohamishwa. Anayehangaika na migongano hiyo ni mtunzaji wa toleo la zamani, wala si aliyetuma kiraka. Usafi uje pamoja na mtu anayekwenda kugusa msimbo uleule kwa sababu ya kweli.

Na akija na mfululizo wa viraka, angalia mpangilio. Wengi husafisha kwanza ndipo warekebishe, kwa sababu ndivyo walivyofanya kazi. Waambie wageuze: rekebisho liwe kiraka namba 1, juu ya msimbo mchafu jinsi ulivyo, lipate mstari wake wa `Fixes:` unaotaja badiliko lililoleta hitilafu, na liweze kuchukuliwa peke yake. Usafi ufuate nyuma.