Kila Jambo Grupu, Tutatulia Saa Ngapi?

Haya magrupu ya WhatsApp yamezidi. Mtu ana namba yako tu, hakuulizi, unashtukia umeshaunganishwa: kamati ya harusi, wazazi wa darasa la tatu, wapangaji, tuliosoma pamoja. Umekaa unafunga hesabu za duka, kazi inayotaka akili yote, simu inatetemeka: picha ya maua, "Asubuhi njema." Hujarudi kwenye mstari wako, linaingia tangazo la msiba. Hilo ni la muhimu, sawa, lakini katikati ya pole mtu anatangaza mashuka! Halafu sauti ya dakika nne kusema kikao kimeahirishwa.

Tangu 2019 kuna mpangilio wa kuchagua nani akuunganishe, na grupu linanyamazishwa. Nimenyamazisha. Basi napigiwa: "Mbona kwenye grupu uko kimya, unatudharau?" Hapo ndipo panaponiuma. Hesabu ikikatwa katikati huendelei pale pale, unaanza kujumlisha upya toka juu.

Jamani, ombeni ruhusa kwanza. Andikeni sentensi moja. Na mtu akinyamaza mchana kutwa, mjue yuko kazini.