Tarmac au Roubaix kwa Safari ya Marigat

Rafiki yangu ninayeendesha naye kila Jumamosi amepata baiskeli mbili za kaboni zilizotumika, bei zinakaribiana, zote za kampuni ya Specialized: Tarmac SL7 na Roubaix ya mwaka 2020. Ana miaka 45, kiuno humsumbua tukipitisha saa nne barabarani, na ameniuliza achukue ipi. Swali hili nimezunguka nalo wiki nzima, kwa sababu pesa hizo amezidunduliza miaka miwili.

Njia yetu ndiyo mizani ya kwanza. Tunatoka Nakuru saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunavuka ikweta Mogotio, tunapita mashamba ya mkonge na kuingia Marigat baada ya karibu kilomita 100. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Marigat ni mita elfu moja na kidogo. Kwenda ni kuteremka. Kurudi ni kupanda, na jua la saa sita liko utosini.

Wanaoitetea Tarmac huanzia hapo: mlima unataka baiskeli nyepesi. Basi nilipiga hesabu. Tuseme Roubaix imeizidi kwa kilo nzima. Kuinua kilo moja kwa mita 800 kunahitaji takriban kilojuli 8 za nishati. Mtu anayekanyaga kwa wati 180 huzitoa kwa sekunde 45 hivi. Sekunde 45 katika safari ya kutwa! Tukisimama Mogotio kunywa soda, zinapita dakika kumi.

Hoja yao yenye uzito ni upepo. Kwenye tambarare, ukishafika kilomita 30 kwa saa, nguvu zako nyingi huishia kusukuma hewa, na Tarmac imeundwa kwa kazi hiyo: usukani uko chini, kifua kinainama, nyaya zimefichwa. Niliijaribu hadi Kampi ya Moto. Nikisimama kwenye pedali inachomoka papo hapo, na niliipenda kweli. Lakini faida ya kuinama ni ya yule anayeweza kubaki ameinama. Rafiki yangu nimemtazama tukirudi: kilomita ya 130 viwiko vimeshanyooka, mikono imehamia juu ya usukani, na kila baada ya dakika chache anasimama kunyoosha mgongo. Akishakaa hivyo, upepo wote unamwishia kifuani, hata apewe baiskeli ya bingwa.

Roubaix imepewa jina kutokana na Paris–Roubaix, mashindano ya Ufaransa yanayopita kwenye barabara za mawe. Usukani wake umeinuliwa zaidi, na chini yake kuna springi inayocheza milimita 20. Faida yake unaijua kwenye yale matuta madogo yaliyopangwa safu kwa safu kabla ya shule na masoko. Kwa baiskeli ngumu meno yanagongana, chupa ya maji inataka kuruka, na ukifika mwisho wa safu vidole vina ganzi. Kwa Roubaix gurudumu linapigwa vilevile, ila viganja vyako vinapanda na kushuka taratibu. Zidisha hilo kwa matuta yote ya kwenda na kurudi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea. Wanadhani Roubaix hii inabeba tairi nene kuliko Tarmac. Hapana: ni milimita 33 kwa 32, tofauti isiyofika popote. Ni toleo la 2023 ndilo lililofika 40. Kwa hiyo Tarmac yenye tairi za 32, zisizojazwa upepo hadi zikawa kama jiwe, hupata sehemu nzuri ya ulaini huo. Hoja hii ilinitikisa. Kilichobaki ni mkao, na mkao haubadilishwi kwa tairi.

Upande wa pili, ile springi ikichoka ni shida. Sijaona fundi hapa mjini mwenye kipuri chake. Utaagiza na kungoja. Tarmac nayo ina lake: mwaka 2021 Tarmac SL7 ziliitwa zirudishwe zirekebishwe, kwa hofu kwamba bomba la uma wa mbele lingeweza kupasuka. Anayenunua iliyotumika adai kuhakikishiwa kwamba marekebisho hayo yalifanyika, la sivyo aachane nayo. Na zote mbili zinaogopa mkono wa fundi aliyezoea Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, anayekaza bolti mpaka spana igome. Chuma kitavumilia hayo, kaboni itapasuka. Spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza iwe ya kwanza kununuliwa baada ya baiskeli.

Kijana mwenye mgongo mzima, anayetaka kushindana, ningemwambia Tarmac bila kusita. Rafiki yangu nimemwambia achukue Roubaix. Jumamosi tutaenda pamoja kuiangalia: tutabonyeza usukani tusikie kama springi inarudi bila kugonga, tutapitisha tochi chini ya fremu na kuzunguka bolti ya siti kutafuta ufa, kisha aiendeshe mwenyewe juu ya matuta mara tatu, kiuno kiseme.