Electro-Motive ilishinda kwa ubabe wa General Motors tu?

Ikitajwa Electro-Motive, kampuni ya Marekani iliyoipa dizeli-umeme (injini ya dizeli inayozalisha umeme wa kuendesha mota za magurudumu) utawala wa reli, wengi husema jambo moja: kampuni ya magari ya General Motors (GM) ilimwaga fedha, ikatumia ubabe, ikawamaliza watengenezaji wa vichwa vya mvuke. Hoja hiyo ina uzito. GM yenyewe ilikuwa mteja mkubwa wa kusafirisha mizigo kwa reli, na mwaka 1961 ilishtakiwa kwamba iliitumia mizigo hiyo kuzishinikiza kampuni za reli zinunue vichwa vyake. Kesi iliondolewa bila hukumu. Wakati wa vita pia, serikali iliiachia Electro-Motive dizeli kubwa za mizigo, huku ALCO na Baldwin, watengenezaji wakongwe wa vichwa vya mvuke, wakibanwa kwenye dizeli ndogo na mvuke.

Lakini Electro-Motive ilianzishwa mwaka 1922, na GM iliinunua mwaka 1930. Miaka hiyo minane ndiyo inayorukwa. Mwanzilishi, Harold Hamilton, alikuwa mtu wa reli aliyegeuka muuzaji wa malori, na hakuwa hata na kiwanda. Bodi za mabehewa yake ya abiria yenye injini ziliundwa St. Louis, injini za petroli zilitoka kampuni ya Winton, jenereta na mota General Electric. Yeye alibaki na usanifu, mauzo na huduma. Kutoka kwenye malori alileta desturi ngeni relini: modeli iliyokwisha kusanifiwa, vipuri vinavyooana, na fundi wa kumfundisha dereva. Wajenzi wa mvuke walikuwa wamezoea kila reli ije na matakwa yake, na kila oda iwe karibu kazi mpya.

Kama fedha na ukongwe vingetosha, ALCO ingeshinda mapema. Mwaka 1925 ilishirikiana na General Electric na Ingersoll-Rand kuunda kichwa cha dizeli-umeme cha kupanga mabehewa, miaka tisa kabla ya treni ya abiria ya dizeli iitwayo Zephyr kukimbia kutoka Denver hadi Chicago, maili 1,015, kwa saa 13 na dakika 5. Nakiri kwamba injini ya Zephyr, Winton 201A, isingepatikana bila utafiti uliolipiwa na GM. Hapo wakosoaji wako sahihi kabisa.

Kisha likaja jaribio ambalo halikuhitaji ubabe. Mwishoni mwa 1939, kichwa cha FT namba 103, dizeli ya mizigo ya Electro-Motive, kilitumwa kwenye kampuni 20 za reli katika majimbo 35, kikatembea maili 83,764 kwa miezi 11. Kilikuwa na sehemu nne, kila moja na nguvu za farasi 1,350, zote zikiongozwa na dereva mmoja. Treni ikivutwa na vichwa viwili vya mvuke, kila kichwa kilitaka dereva wake na mchochea moto wake. Meneja wa reli hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Alitazama daftari la mishahara akaelewa.

Tazama kampuni ya reli ya Santa Fe, iliyokuja kuwa na FT nyingi kuliko reli nyingine yoyote. Njia yake ilikatiza jangwa la Arizona, ambako maji ya kulisha mvuke yalibebwa kwa matangi ya treni. Sehemu ya kazi ya reli ilikuwa kusafirisha maji ya kuendeshea reli yenyewe. FT haikuhitaji maji hayo, na Santa Fe ilianza kuzitumia kabla Marekani haijaingia vitani.